Mwongozo Kamili: Kuanzisha Kikundi cha Marafiki wa Kiroho Kisichokufa Mwezi wa Tatu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiulizwa swali moja na watu tofauti: "Tulianza vizuri, tulikuwa wengi, kila mtu alikuwa na hamu. Mwezi wa tatu hatukuumaliza. Tulikosea wapi?" Wanaouliza si wavivu. Ni watu wa sala, wanaofika ibadani kila wiki, lakini usiku wakibanwa na jambo hawajui wampigie nani simu.

Nikiwasikiliza, naona karibu wote walijikwaa mahali pamoja. Walianzisha darasa wakitarajia lizae urafiki. Wakachagua kitabu, wakapanga walimu wa zamu, wakaalika kila aliyetaka kuja. Darasa ni jema, lakini mtu anaweza kukaa darasani mwaka mzima na asijulikane. Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Tulikuwa kumi na mmoja. Wiki ya saba tulibaki wanne, kisha ukimya. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Hatukuwa tumefahamiana kiasi cha kugombana.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja inategemea iliyotangulia.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Watu wawili hadi wanne zaidi yako. Jumla msizidi watano.
- Siku moja ya wiki na saa isiyohamahama.
- Mahali ambapo mtu anaweza kulia bila kuonekana na wapita njia, na kusema bila chumba cha pili kusikia.
- Biblia. Kitabu cha mafundisho hakihitajiki kwa sasa.
- Daftari dogo kwa kila mmoja, la kuandika maombi. Maungamo hayaandikwi popote.
- Wiki kumi na mbili ambazo kila mmoja amekubali kuzitoa.
- Mtu mmoja mkomavu aliye nje ya kikundi: mchungaji, padri, mzee wa kanisa au mama wa kiroho. Haambiwi yanayosemwa ndani. Anajua tu kwamba mpo, na ndiye mtakayemkimbilia jambo likiwazidi.

Kama huna hicho cha mwisho, usianze. Tafuta kwanza.

## Hatua ya 1: Chagua watu wachache, na uwachague kwa tabia

Yesu alihubiria makutano, akawatuma sabini, akaishi na kumi na wawili. Lakini alipoingia nyumbani kwa Yairo, alipopanda mlimani kugeuka sura, na moyo wake ulipohuzunika Gethsemane, aliwachukua watatu: Petro, Yakobo na Yohana. Hakuwapenda wengine kidogo. Yapo mambo ambayo hayabebeki mbele ya umati, hata umati wa watu wema.

Wahenga walituonya tusimwage mtama kwenye kuku wengi. Watu wakiwa wanane, daima kuna mmoja usiyemfahamu vizuri, na huyo mmoja anatosha kukufanya useme mambo ya juujuu tu. Tena mkiwa wanane, kila mtu akipata dakika kumi, saa imepita na hamjaomba.

Unatafuta nini? Si mtu anayekuchekesha, wala anayeomba kwa sauti kubwa. Jiulize mambo matatu. Je, huyu aliwahi kuniambia siri ya mtu mwingine? Akikosea, huwa anakubali? Akisema atakuja, huja? Mwenye kukupasulia siri za wenzake atazipasua na zako. Hilo halibadiliki kwa sababu mmefungua kwa sala.

Kwa kikundi ambacho watu wataungama, wanaume wakae na wanaume, wanawake na wanawake. Najua wengine hawakubaliani nami hapa. Nimeona ukaribu wa kuombeana ukigeuka ukaribu mwingine, na walioumia walikuwa pamoja na watoto ambao hawakuwa chumbani.

Onyo: usikusanye watu unaotaka kuwarekebisha. Hiyo ni huduma, nayo ina mahali pake. Hapa unahitaji watu ambao wewe pia uko tayari warekebishe yako.

Utajua umefaulu ukiwa na majina mawili hadi manne, na moyo wako hausiti kwa hata moja.

## Hatua ya 2: Omba kwa maneno, na utaje mwisho

Urafiki mwingi kati ya waamini hukwama kwa sababu kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Mfuate kila mmoja peke yake, ana kwa ana. Sema jambo kama hili:

"Ndugu yangu, nahitaji watu wa kutembea nao katika imani, watu watakaojua hali yangu halisi nami nijue yao. Nimekufikiria wewe. Tungekutana mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi na mbili, kisha kila mtu awe huru kuendelea au kuacha. Usinijibu leo. Omba kwanza."

Wiki kumi na mbili zina sababu. Ahadi isiyo na mwisho humtisha mtu makini na kumvutia asiyefikiri. Ukitaja mwisho, mtu hujua anaahidi nini, na anayetaka kutoka ana mlango wa heshima. Bila mlango huo, watu hutoka kwa kutopokea simu.

Akikataa, mshukuru na msibadilishe salamu zenu. Anayekataa mapema amekuheshimu.

## Hatua ya 3: Wekeni mapatano siku ya kwanza

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo vikundi vingi hufia, hata kama mazishi hufanyika miezi baadaye.

Mkutano wa kwanza usiwe na ungamo wala ushuhuda mzito. Uwe wa kupatana juu ya mambo manne, na kila mmoja aseme "nakubali" kwa kinywa chake.

Siri. Linalosemwa hapa halitoki. Halitoki hata kwa mke au mume. Kila mtu aende nyumbani amweleze mwenzi wake mapema kwamba kuna mambo ya wenzake hatayasimulia, ili isije ikaonekana anaficha. Halitoki hata kama ombi la maombi. Hili la mwisho nalisema kwa uchungu. Jambo nililomwambia mtu mmoja nilikuja kulisikia kwenye kundi la maombi, limevishwa nguo safi: "Tumwombee ndugu fulani, anapitia majaribu." Jina halikutajwa, lakini kila mtu alijua. Ilinichukua muda mrefu kufungua kinywa tena mbele ya Mkristo mwenzangu. Mtu akihitaji maombi ya wengi, aombe yeye mwenyewe kwa maneno yake.

Mipaka ya siri. Lazima isemwe kabla mtu hajafungua moyo. Kama maisha ya mtu yako hatarini, kama mtoto anaumizwa, kama kuna anayepigwa au kudhulumiwa kimwili, tutatafuta msaada, na hatutaomba ruhusa ya kunyamaza. Tutamwambia mhusika kwamba tunafanya hivyo. Kuficha mambo ya namna hii kwa jina la upendo ni kumwacha aliye dhaifu zaidi peke yake.

Muda. Tunaanza saa iliyopangwa hata kama tuko wawili, na tunamaliza saa iliyopangwa hata kama maongezi yamenoga. John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, alipoandika kanuni za vikundi vyake vidogo tarehe 25 Desemba 1738, zilikuwa sita, na tatu za kwanza zote zilihusu muda: kukutana angalau mara moja kwa wiki, kufika saa iliyopangwa, na kuanza saa hiyohiyo kwa wimbo au sala. Kuungama kulikuja kwenye ya nne. Alielewa kwamba mtu asiyeweza kukutegemea kwa saa yako hatakukabidhi dhambi yake.

Fedha. Msikopeshane ndani ya kikundi katika wiki hizi kumi na mbili. Mwenzenu akiwa na shida, toeni mnachoweza kama zawadi na msikidai. Nimeona urafiki uliovumilia misiba ukivunjika kwa deni dogo, kwa sababu mwenye deni aliona haya kuja.

Utajua umefaulu ikiwa mtu mmoja ameuliza swali gumu kuhusu mapatano. Wote wakiitikia haraka haraka, rudieni.

## Hatua ya 4: Fuateni mpangilio uleule kila wiki

Dakika tisini zinatosha. Gawanyeni hivi:

1. Dakika 10: salamu, kisha simu zote zizimwe na kuwekwa mbali. Wimbo mmoja au zaburi.
2. Dakika 15: someni sehemu fupi ya Injili mara mbili, polepole. Kila mtu aseme neno moja lililomgusa. Hakuna mahubiri.
3. Dakika 45: hali ya kila mmoja, kwa zamu. Gaweni dakika sawasawa, hata kwa mkimya.
4. Dakika 20: kuombeana. Kila mmoja anaombewa kwa jina na jirani yake wa kulia, kwa jambo alilolitaja.

Mpangilio usiobadilika huonekana wa kuchosha kwa mwezi wa kwanza. Vumilieni. Mtu anapojua kitakachofuata, akili yake huacha kujihami, na ndipo moyo hupata nafasi.

Hatari ya sehemu ya pili ni mtu mmoja kugeuka mwalimu. Akianza, kiongozi wa siku amwambie kwa upole, "Asante, tulipe nafasi neno lenyewe." Uongozi wa siku uende kwa zamu, hasa kwa ajili hiyo.

## Hatua ya 5: Vukeni neno "nzuri"

Lugha yetu ina adabu nzuri inayotuponza. Ukiulizwa habari, unajibu "nzuri", hata kama umetoka kuzika. Kanisani tunaongeza, "Namshukuru Mungu." Ni jibu la heshima, na pia ni pazia. Lakini lugha hiyohiyo imetuachia ufunguo, nao ni neno dogo "ila". "Nzuri, ila usingizi sina." Kila mara habari halisi iko nyuma ya "ila".

Basi katika zile dakika 45, kila mmoja ajibu swali moja tu: "Habari zako ni nzuri, ila nini?"

Nendeni kwa ngazi. Wiki ya 2 hadi ya 4, kila wiki mtu mmoja apewe nusu saa ya kueleza safari ya maisha yake: alikozaliwa, aliyemlea, alivyoijua imani, alipoumia. Mkiwa wanne au watano, ongezeni wiki moja au mbili hadi wote wamalize. Siku hizo wengine wabaki na dakika chache tu. Wiki zinazofuata, semeni "ila" za wiki iliyopita: hofu, hasira, kazi, ndoa, mashaka. Baada ya hapo, kama mko tayari, ingieni hatua ya 6.

Anayesikiliza ana kazi tatu: kunyamaza, kuuliza swali moja la kutaka kuelewa, na kumshukuru aliyesema. Ushauri hautolewi mpaka uombwe. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makuu mno. Hizo siku saba ndizo walizofanya vema. Matatizo yalianza walipofungua midomo kueleza kwa nini amepatwa.

Kama wewe ndiye uliyeanzisha kikundi, uanze wewe, na useme ukweli unaokugharimu. Kikundi hakizami kupita kina cha aliyekianzisha. Ukisema "niombeeni nisiwe na haraka," wenzako watakuletea vitu vya ukubwa huohuo.

Utajua umefaulu siku ambayo mtu ataanza sentensi kwa "Sijawahi kumwambia mtu..." na wengine wasishtuke.

## Hatua ya 6: Ungamo

Waraka wa Yakobo unasema waziwazi: "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Wengi wetu tumeushika sana upande wa kuombeana, tukauacha wa kwanza. Kwa walio na sakramenti ya kitubio, hatua hii haiichukui nafasi yake. Ni msaada wa ndugu njiani.

Fanyeni hivi. Anayeungama aitaje dhambi kwa jina lake, kwa ufupi. "Nilimdanganya bosi wangu kuhusu hesabu" inatosha. Asiizungushe kwa "nimekuwa na changamoto ya uaminifu", na asieleze picha zitakazobaki vichwani mwa wenzake. Pia aungame yake: akisema "mke wangu alinifanya nika...", mrudisheni taratibu.

Wanaosikiliza wasiseme "hiyo ni ndogo, usijali." Maneno hayo hufariji kwa dakika moja na kumnyang'anya mtu msamaha, kwa sababu kisicho dhambi hakisamehewi. Wasikunje uso pia. Mmoja wenu amsomee ahadi ya 1 Yohana 1:9, kisha mwombeeni papo hapo, kabla mwingine hajaanza kusema.

Mwisho muulizeni: "Kuna mtu unayepaswa kumrudia? Utafanya lini? Tukuulize tena?" Swali la tatu ndilo muhimu. Mkimuuliza wiki ijayo bila ruhusa yake, mtakuwa polisi. Akiwapa ruhusa, mnambebea mzigo.

Onyo: ulevi uliokomaa, mawazo ya kujiua, majeraha ya kudhulumiwa utotoni, haya ni makubwa kuliko kikundi. Mbaki naye, mwombeeni, na mmpeleke kwa mtaalamu na kwa yule mtu mkomavu wa nje. Mwenye mawazo ya kujiua asiachwe peke yake siku hiyo.

## Hatua ya 7: Urafiki unaishi katikati ya mikutano

Kama mnaonana siku ya kikundi tu, mna mkutano. Yonathani hakungoja Daudi aje. Aliondoka akamfuata huko msituni alikokuwa amejificha, akamtia nguvu katika Mungu. Alitoka alipo.

Kila mmoja achukue jukumu la mwenzake mmoja kwa wiki. Ampigie simu mara moja, na ajue siku yake ngumu ni ipi: siku ya matokeo ya hospitali, ya usaili, ya kumbukumbu ya mzazi aliyefariki. Aandike tarehe hizo kwenye daftari. Ujumbe mfupi asubuhi ya siku hiyo, "Leo nipo nawe," unazidi mafundisho mengi.

Mkifungua kundi la WhatsApp, liwe la mambo matatu: mabadiliko ya ratiba, dharura na shukrani. Video na mafundisho ya kusambazwa yakiingia, sauti ya mwenye shida itazama humo. Wala maungamo yasiandikwe huko kamwe, kwa sababu simu huibwa na huazimwa.

Msiba ukimpata mmoja wenu, msimwambie "ukihitaji chochote sema." Aliyefiwa hajui anachohitaji. Nendeni. Mmoja akae naye, mwingine ashughulike na watoto, mwingine apokee wageni.

## Hatua ya 8: Mkikwaruzana

Mtakwaruzana, kwa kawaida kati ya wiki ya 6 na ya 10, pale mnapoanza kuwa wa kweli. Kwa mtazamo wangu hii ni habari njema.

Kanuni ni ile ya Mathayo 18: nenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Usimweleze wa tatu kwanza "ili akushauri". Usiandike ujumbe, sauti na uso hubeba upole ambao maandishi hayabebi. Nenda mapema, kabla hujaanza kutunga kesi kichwani. Sema ulichoona, kilivyokuumiza, kisha uliza alikuwa na maana gani. Mara nyingi jibu lake litakushangaza.

Wewe ukiwa mkosaji, omba radhi bila "lakini".

Ikiwa mmejaribu na hamkuafikiana, msijifanye mmepatana. Paulo na Barnaba walishindana sana juu ya Yohana Marko hata wakatengana, kila mmoja akashika njia yake. Miaka baadaye Paulo, akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo amlete huyohuyo Marko, kwa maana anamfaa kwa utumishi. Kutengana kwa amani huacha mlango ambao kulazimishana huufunga.

Na mwenzako akikuangusha wakati ulipomhitaji, ukumbuke wale watatu wa Gethsemane. Yesu aliwaomba wakeshe naye, wakalala. Aliwauliza, aliumia, na bado akawaambia, "Ondokeni, twende."

## Hatua ya 9: Wiki ya 12

Tumieni mkutano mzima kujibu maswali matatu, kila mmoja kwa zamu. Nimebadilika wapi? Nani nje ya kikundi amefaidika na kubadilika huko? Naendelea au natoka?

Swali la pili ni kipimo cha ukweli. Kikundi kinachowapasha joto wenyewe tu huwa kijiwe cha watu wema. Mwenzi, watoto, wafanyakazi wenzako na mpweke anayekaa kiti cha nyuma ibadani wanapaswa kuhisi tofauti. Kama hakuna aliyeihisi, wiki kumi na mbili zinazofuata kikundi kichague mtu mmoja mpweke wa kumtembelea pamoja, mara mbili kwa mwezi.

Anayetoka aombewe na abarikiwe, na mapatano ya siri yaendelee kumfunga maisha yake yote. Mwambieni hivyo kabla hajaondoka chumbani.

Watu wapya wakitaka kuingia, msiongeze zaidi ya mmoja kwa kipindi, na mrudie hatua ya 3 yote mbele yake. Wakiwa wawili au zaidi, ni heri mmoja wenu atoke akaanzishe nao kikundi kipya. Itauma. Mpeni mwongozo huu na yale majina yaliyo kwenye daftari lake, na mpange siku ya kumpigia simu.